Saa ya kuhesabu hatua: ukisukuma kigari, hujatembea

Hii saa imenikera. Inatangazwa kwa mama aliyejifungua anayetaka kupunguza uzito, halafu akishika mpini wa kigari cha mtoto, haihesabu. Mwendo mzima wa dakika 40, unakuta hatua mia na ushee! Kihisi chake kinategemea mkono kupunga. Mkono ukitulia kwenye mpini, kwake wewe umekaa. Keti sasa umbembeleze mtoto kwa kumpigapiga mgongoni, uone inavyojaza hatua hewa.

Nimewaandikia wenye saa yao. Jibu: mtumiaji apunge mikono kama kawaida. Aachie kigari mteremkoni?

Dawa ipo, nao hawakuitaja. Ifunge kwenye kifundo cha mguu juu ya soksi, au chomoa kidude chenyewe kwenye mkanda ukitie mfuko wa mbele wa suruali inayobana. Mfuko wa koti haufai, kinayumba. Kisha rekebisha urefu wa hatua: tembea hatua 20 za kawaida, pima umbali, gawanya kwa 20. Mwenye mshono hupiga hatua fupi, kwa hiyo kipimo ilichokuja nacho humzidishia kilomita. Ikikaa mguuni inahesabu vizuri, tena vizuri mno, hadi hasira zikanipungua.

Zikarudi nilipoona lengo: hatua 10,000, tangu siku ya kwanza. Namba hiyo ilienezwa na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965. Haikutoka kwa daktari wa wazazi. Anayeanza, dakika 10 za polepole zinatosha, aongeze tano tano mwili ukikubali. Damu ya uzazi iliyokwisha kufifia ikirudi nyekundu, au huku chini pakihisi uzito kama kitu kinashuka, apunguze mwendo apumzike. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, hospitali bila kungoja. Saa inajua nini kuhusu hayo? Jioni inatetemeka tu kumsuta mzazi kwamba hajafikisha.

Na zile kalori zake, tafadhali, usizifuate mezani. Inajumlisha hata zile mwili unazotumia ukiwa umelala, na anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, si kidogo. Uzito ukishuka kama nusu kilo kwa wiki, baada ya wiki sita za mwanzo, ni mwendo mzuri.

Nyota mbili. Haya, tatu, kwa anayekubali kuifunga mguuni na kuzima arifa zote. Wa mkononi tu asinunue: simu aliyo nayo, ikikaa mfuko wa suruali, itamhesabia hatua zake za kigari.