Sanduku Lililoandikwa "Ukoloni": Tathmini ya Duka la Kukodisha Mavazi ya Maigizo Nairobi

Mwezi uliopita nilikuwa mteja wa duka moja la kukodisha mavazi ya maigizo lililo ghorofani, hatua chache kutoka River Road, ambako mimi na wenzangu tulikwenda kutafuta nguo za tamthilia fupi ya televisheni inayosimulia maisha ya mtaa wa Pumwani, Nairobi, mwaka 1938. Tulikuwa na waigizaji 14 wa kuvisha, na nilikuwa nimeshinda siku kadhaa katika Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, kwenye jengo lililokuwa zamani Benki ya India, nikitazama picha na vitambaa. Ninaandika tathmini hii kwa sababu watayarishaji wengi wa hapa mjini huishia katika duka hili au katika mengine yanayofanana nalo, na kwa sababu nguo isiyo ya wakati wake humnyima mtazamaji nafasi ya kuwaona waliomtangulia jinsi walivyokuwa.

Nianze na kanzu, ambazo ni nzuri kweli. Ni za pamba, hazina kola, zina darizi nyembamba ya uzi mweupe shingoni, na zimekatwa kwa upana ili nguo imwagike mwilini badala ya kumshika mtu kama shati refu. Mhusika wetu anayempikia Mzungu wa Muthaiga alipewa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, na hapo duka halikukosea hata kidogo, kwani hivyo ndivyo watumishi wengi wa nyumbani walivyovalishwa na waajiri wao. Kasoro ilikuwa weupe wenyewe. Sabuni za unga za siku hizi zina kemikali za kung'arisha nguo, na tulipowasha taa za kamera kanzu zilitoa mng'ao wa kibuluu ambao hakuna jiko la mwaka 1938 lililowahi kuuona. Mzee fundi wa duka alizitumbukiza katika beseni la chai ya rangi iliyozimuliwa, akazianika kivulini, na kesho yake zilikuwa na weupe wa nguo iliyofuliwa kwa mkono mara nyingi na kupigwa pasi ya makaa. Kazi hiyo hakuitoza hata shilingi moja.

Leso ndizo zilizonisumbua zaidi. Tulifunguliwa sanduku lenye leso zaidi ya 30, zikiwa zimekunjwa vizuri na kupangwa kwa rangi, na kwa macho zilipendeza. Nilipoishika ya kwanza niliona inateleza vidoleni. Nikaomba ruhusa, nikachomoa uzi mmoja kwenye ukingo wa pindo na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu linalopeperuka, lakini huu uliyeyuka, ukajikunja na kuacha kidonge kidogo kigumu cheusi, maana yake ni poliesta. Nyuzi za poliesta zilivumbuliwa na Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, ambao hataza yao, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ni ya mwaka 1941, kwa hiyo mwanamke wa Pumwani mwaka 1938 asingeweza kujifunga leso hiyo hata angekuwa tajiri wa mtaa mzima. Tofauti hii haiishii maabara: leso ya pamba hujikunja kiunoni, hushika jasho na hukaa ilipofungwa, ilhali ya poliesta huteleza, na mwigizaji wetu mkuu alikuwa akiishika kila baada ya hatua tatu kwa namna ambayo mtu aliyezaliwa na leso haishiki leso yake.

Kisha kuna maandishi na michoro. Leso moja ilikuwa na picha ya simu ya mkononi kwenye mji, yaani sehemu ya kati ya leso, nyingine ilitolewa kwa maadhimisho ya kanisa fulani. Hizo mtu yeyote angezitenga. Ngumu zaidi ni zile zenye jina, yaani usemi ulioandikwa kwenye leso, la kawaida la mafumbo, ambazo mtayarishaji mwenye haraka angezichukua bila kuuliza swali. Majina ya leso za mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi za Kirumi zikashika nafasi baadaye, wakati ambapo wafanyabiashara wa Mombasa, miongoni mwao nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa 1887 na ambayo wanunuzi huijua kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", waliendelea kuagiza na kuuza mitindo mipya. Kwa kuwa hatukuwa na leso ya miaka hiyo mkononi, tulikwenda Biashara Street ya hapa Nairobi, tukanunua doti sita za pamba tupu zenye michoro ya zamani, tukawafunga waigizaji kwa namna ambayo jina linaingia ndani ya mkunjo. Gharama hiyo ilikuwa yetu, na nadhani ilipaswa kuwa ya duka.

Kuhusu buibui, duka lilituletea abaya. Zilikuwa nyeusi, ndiyo, lakini zilifunguka mbele kama koti, zilikuwa na mikono iliyokatwa kwa mtindo wa Ghuba, na mbili kati yake zilikuwa na vijiwe vya kumetameta kwenye kifundo cha mkono. Buibui la zamani lilikuwa pande kubwa jeusi lililovutwa hadi kichwani, likafungwa kwa kamba kwenye paji la uso, na mvaaji akalikusanya kwa mkono mmoja anapotembea. Nyanya wa rafiki yangu, aliyezaliwa Majengo na ambaye bado ana nguvu za kusimama, alitukubalia tuje na kitambaa, akajitanda mbele yetu na kusema, "Wanangu, buibui si nguo ya kuvaa ukasahau, mkono wako wa kushoto una kazi siku nzima." Nilirudi dukani na maneno hayo pamoja na vipimo nilivyovichukua sebuleni kwake. Mzee fundi alisikiliza hadi mwisho, akatandaza karatasi sakafuni, akachora, na kwa siku nne alikuwa ameshona mabuibui matatu ya pamba nyeusi kwa bei ya kukodisha tu. Mwigizaji alipolivaa la kwanza bega lake la kushoto lilishuka kidogo, na mwendo wake ukabadilika bila mwongozaji kumwambia neno.

Kaptura za kaki zilikuwa na zipu za plastiki. Hizo tulizirudisha mara moja, kwani nailoni yenyewe ilitangazwa na kampuni ya DuPont huko Marekani mwaka huohuo wa hadithi yetu, na fundi akaweka vifungo. Kofia za kushonwa kwa mkono zilikuwa sawa. Viatu hatukuvihitaji sana, kwa kuwa wengi wa wahusika wetu wanatembea miguu mitupu.

Jambo linalohitaji kurekebishwa kabla ya yote mengine ni utaratibu wa ghala. Duka limepanga mavazi yake katika masanduku makubwa ya bati, na mojawapo limeandikwa kwa chokaa nyeupe neno moja: "Ukoloni." Ndani yake nilikuta koti la afisa, kofia za askari, magauni ya mabibi wa walowezi, na rundo la vipande, yaani vile vikasha vya chuma vyenye karatasi ya utambulisho ambavyo wanaume Waafrika wa miaka 16 na kuendelea walilazimika kuvitembeza, wengi wakivining'iniza shingoni kwa uzi. Kwa tamthilia yetu vikasha hivyo vilifaa, tena vilitengenezwa vizuri na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, kisha vikafukizwa moshi na kusuguliwa udongo ili visimetemete. Lakini siku hiyohiyo nilimwona mteja mwingine akichukua vikasha 12 kwa ajili ya igizo kuhusu Operesheni Anvil, msako mkubwa uliofanyika Nairobi Aprili 1954. Sheria ya kipande cha zamani ilikuwa imeshabadilishwa mwaka 1947, baada ya Waafrika kukipinga kwa miaka mingi kama kengele ya mbuzi. Kumtundika mtu wa 1954 kikasha hicho shingoni ni kuwafuta wale waliopigana kukiondoa. Nilimweleza mama mwenye duka hayo kwa upole, naye akajibu, "Lakini dada, si yote ni ukoloni?" Tangu 1895, Waingereza walipotangaza utawala wao hapa, hadi uhuru wa Desemba 1963 ni miaka 68. Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya kipindi hicho angekuwa na wajukuu kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa, na wajukuu hao hawakuvaa alichovaa yeye.

Bei yao ni shilingi 600 kwa vazi moja kwa siku, na amana ya nusu ya thamani ya nguo, ambayo tulirudishiwa yote siku tuliyorejesha mizigo. Nguo hutolewa zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi. Simu hupokelewa, ingawa mchana wa Ijumaa mpigaji husubiri sana. Ningempeleka mtu hapo kwa kanzu, kofia na kazi yoyote ya kushona upya, ila leso ajinunulie mwenyewe, na asikubali kitu chochote kutoka kwenye sanduku hilo la chokaa kabla hajakilinganisha na picha yenye tarehe. Aende wiki mbili kabla ya kupiga picha, si siku mbili, kwa sababu fundi ni mmoja.

Nilipopita juma lililopita kuagiza mabuibui mengine matano, sanduku la bati lilikuwa bado mahali pake, lakini neno lilikuwa limefutwa nusu. Mama mwenye duka aliniomba nimwandikie miaka kwenye karatasi, nami nimeanza na 1920, mwaka ambao Kenya ilifanywa koloni rasmi.