Matembezi ya Jumapili hadi Lac Vert: nyota 4, na daftari ndiyo sababu

Nimetembea na kikundi hiki Jumapili tatu, mimi na mtoto wangu wa miaka 13. Dola 5 mtu mzima, 2 mtoto, chai ya tangawizi na maandazi humo humo. Tunakutana Kyeshero saa kumi na mbili asubuhi, tunashika barabara ya Sake, kisha tunakata kushoto kwenda Lac Vert, ziwa dogo nje kidogo ya Goma. Uzuri wa kule watu wa Goma mnaujua.

Jumapili ya pili kijana mmoja aliteremka kwenye kishimo kando ya njia kuokota kofia yake. Kina chake hakikufika hata kiunoni. Alipoinama tu, magoti yakalegea. "Mama, kichwa inazunguka," akaniambia. Nilikuwa nimeshanyanyua mguu kumfuata, kiongozi akanipigia kelele nisimame. Akamnyooshea fimbo yake, akamvuta, mwenyewe akibaki juu, wima.

Mazuku, yaani hewa yenye sumu inayotoka ardhini huku kwetu kwenye volkano. Hewa ile nzito haina rangi wala harufu, hutuama mabondeni, hasa alfajiri upepo ukiwa umelala, na anayekimbilia kuokoa huanguka wa pili. Nimezaliwa hapa, nimeona mbuzi waliokufa kwenye mashimo kama hayo, na bado nilitaka kushuka.

Kijana alipopata nafuu wengine wakasema basi, hakuna aliyeumia, twende. Kiongozi akakataa. Tuliketi juu ya mawe ya lava akaandika kwenye daftari la kikundi: saa, mahali, kina cha shimo, upepo hakuna, nani alifanya nini. Hata mimi aliniandika, kwamba nilikaribia kushuka. Akampigia simu mama wa kijana palepale. Wakati wa kurudi akapita kwa shefu wa mtaa, maana watoto wanaochunga mbuzi hupita pale kila siku. Jumapili iliyofuata tulisomewa ukurasa ule kabla ya kuondoka. Njia ilikuwa nyingine, na saa ya kuondoka ilisogezwa hadi saa mbili.

Kikundi nilichotembea nacho zamani, mtu alivunjika mkono tukaombwa tusiseme. Sikurudi.

Nyota moja nimeizuia kwa hili: niliomba kulisoma daftari, nikakuta mazuku mawili yameandikwa humo kabla sisi hatujajiunga, eneo lile lile. Siku yetu ya kwanza hakuna aliyetuambia. Nilimweleza kiongozi wazi kwamba nilimleta mtoto wangu pale bila kujua. Hakujitetea. Aliahidi kila mgeni atasomewa kurasa hizo kabla ya kulipa. Jumapili hii namleta dada yangu, mgeni kabisa, nami nitasimama kando yake nisikilize.