Usiku wa Paris: tiketi ipi ununue kwanza, na ipi uiache

Mama mdogo alikuja kututembelea mwezi Juni kutoka Tanga. Tukamkatia tiketi ya boti ya chakula cha jioni kwenye mto Seine, zamu ya kwanza, saa 12:30 jioni. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni Magharibi: adhana inasikika na taa za barazani zinawashwa. Tulipopanda botini jua lilikuwa linapiga meza kama la saa tisa mchana. Tulipewa meza ya katikati, mbali na vioo. Tukala, tukashuka saa 2 usiku, na jua bado lilikuwa juu ya mapaa. Fedha nyingi zilitoka siku ile, na zile taa za Paris alizozifuata hakuziona hata moja.

Tangu hapo, ndugu akiniuliza afanye nini Paris usiku, namuuliza kwanza: unakuja mwezi gani? Kwetu jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo saa ya tiketi hatuifikirii. Paris ni tofauti. Katikati ya Juni jua huzama karibu 22:00, yaani saa 4 usiku. Katikati ya Septemba ni karibu saa 2 usiku, katikati ya Oktoba karibu saa 1, na Desemba huzama kabla ya saa 11 jioni. Baada ya hapo ongeza nusu saa hadi saa nzima ndipo giza likolee. Anayefunga au anayeswali Magharibi kwa wakati wake aliangalie hili mapema, maana Juni Isha huangukia karibu na usiku wa manane.

Tiketi zimeandikwa kwa saa za ishirini na nne. 20:30 ni saa 2:30 usiku, 22:00 ni saa 4. Nimeona watu wakichanganya na kufika wakati boti imeshaondoka.

Huu ndio mpangilio wangu, kuanzia kile ninachomnunulia mgeni wa kwanza. Bei ni za kukadiria, kwa kuwa hupanda karibu kila mwaka.

1. Boti ya kawaida ya saa moja

Hii ndiyo namba moja, na haina mpinzani. Kwa karibu euro 15 hadi 18 unapitishwa mbele ya makumbusho ya Louvre na Musée d'Orsay, kanisa kuu la Notre-Dame na Mnara wa Eiffel ukiwa umekaa, bila foleni ya kila mlango. Mzee mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka mitano wote wanaiweza.

Kampuni ni kadhaa. Bateaux Mouches huondoka karibu na daraja la Pont de l'Alma, Bateaux Parisiens chini ya Mnara wa Eiffel, na Vedettes du Pont Neuf kwenye ncha ya kisiwa cha Île de la Cité. Mimi napenda ya Pont Neuf kwa sababu ya mahali inapoanzia. Unashuka ngazi za mawe nyuma ya sanamu ya mfalme Henri IV aliyepanda farasi, unafika kwenye kibustani kilicho karibu usawa wa maji, na kelele za magari zinabaki juu yako.

Kuna jambo moja la kupanga. Giza likishaingia, Mnara wa Eiffel humetameta kwa dakika tano mwanzoni mwa kila saa. Balbu 20,000 huwaka na kuzima kwa fujo. Kutoka Pont Neuf boti huchukua kama dakika ishirini na kitu kuufikia. Kwa hiyo chagua inayoondoka nusu saa kabla ya saa kamili, na mara nyingi utakuwa chini ya mnara unapoanza. Kabla ya kulipa, uliza kama tiketi imefungwa na saa fulani au unaweza kupanda boti yoyote ya siku hiyo.

Kaa juu, nje, upande wowote. Boti ikiingia chini ya daraja, sauti za watu hubadilika, mwanga unaruka kutoka majini na kucheza kwenye mawe juu ya kichwa chako, karibu kiasi cha kuona mistari ya chokaa. Halafu unatoka, na mbele yako ni Pont Alexandre III na safu zake za taa na farasi wa dhahabu juu ya nguzo. Mama mdogo tulimrudisha huku siku mbili baadaye, boti ya saa 4:30 usiku. Alikaa kimya njia nzima, kanga ameizungusha shingoni. Na hilo la kanga lina sababu: upepo wa mtoni ni baridi hata Mei na Septemba. Chukua koti.

2. Juu ya Arc de Triomphe

Watu wengi hukimbilia kupanda Mnara wa Eiffel ili waione Paris. Ukiwa juu ya Eiffel, kitu kimoja hukioni: Eiffel yenyewe. Kutoka juu ya Arc de Triomphe, lile tao kubwa la mawe, unauona wote, kuanzia miguu hadi kileleni.

Ngazi ni 284, nyingi za kuzunguka, na zinachosha. Lifti ipo kwa wasioweza ngazi, lakini usiitegemee bila kuuliza. Uwanda wa juu una urefu wa mita 50 hivi kutoka ardhini, na huo ndio urefu mzuri kwa usiku, kwani bado unaona watu. Barabara kumi na mbili zinatoka chini ya miguu yako kama miali ya jua. Angalia Champs-Élysées: upande mmoja ni mto wa taa nyeupe unaokujia, upande wa pili mto wa taa nyekundu unaoondoka.

Hufungwa saa 5 usiku (23:00) kuanzia Aprili hadi Septemba na 22:30 miezi mingine, na mlango wa kuingilia hufungwa dakika 45 kabla. Kwa hiyo Juni fika saa 3:45 usiku, panda jua likiwa linazama, kisha subiri juu. Usithubutu kukatisha ule mzunguko wa magari kwa miguu. Ipo njia ya chini kwa chini. Ukifika mapema, saa 12:30 jioni huwashwa upya mwenge wa kaburi la Askari Asiyejulikana chini ya tao. Desturi hiyo hufanywa kila jioni tangu 1923, na kuitazama ni bure.

3. Makumbusho ya jioni

Musée d'Orsay hufunguliwa Alhamisi hadi 21:45, na kuanzia saa 12 jioni tiketi hushuka, karibu euro 12 badala ya 16. Mchana pale ni msukumano. Alhamisi saa 2 usiku unaweza kusimama peke yako mbele ya mchoro.

Jengo lilikuwa stesheni ya treni iliyofunguliwa mwaka 1900, na saa kubwa za stesheni bado zipo. Nenda moja kwa moja kwa Van Gogh, kwenye mchoro wake wa 1888 wa usiku juu ya mto Rhône. Taa za gesi za mji wa Arles zimeanguka majini kama vijiti virefu vya manjano, na chini pembeni wamesimama wapenzi wawili, wameshikana mkono. Ukiusogelea unaona rangi imepakwa nene, karibu uivue kwa kidole. Ukitoka mlangoni, vuka barabara tu hadi ukingo wa Seine: vijiti vile vile vya manjano viko majini, vinatikisika.

Louvre nayo hufunguliwa hadi saa 3 usiku Jumatano na Ijumaa. Ni tukufu, lakini nimeishusha kwa ajili ya bei: tangu Januari 2026 wageni wasiotoka nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya hulipa euro 32 badala ya 22. Hilo linawagusa wa Dar, Nairobi na Muscat, na hata ndugu zetu wa London. Kwa saa mbili za jioni ni ghali. Uwanja wenye piramidi ya kioo ni bure na usiku unawaka.

4. Muziki

Hapa kanuni yangu ya giza inageuka. Sainte-Chapelle, kanisa dogo lililotabarukiwa mwaka 1248, hufanya konseti za jioni, na uzuri wake wote ni vioo vya rangi. Vioo hivyo vinahitaji jua kutoka nje. Desemba jioni ni vyeusi tu. Nunua konseti ya huko kati ya Mei na Agosti, ile ya mapema, ili mwanga wa magharibi upite kwenye dirisha la mviringo wakati fidla zinalia.

Miezi ya baridi nenda Palais Garnier, jumba la opera la 1875 lenye dari iliyochorwa na Chagall mwaka 1964. Siku hizi dansi ya baleti ndiyo huchezwa zaidi pale, na opera nyingi huwa kwenye jumba jingine, la Bastille. Viti vya pembeni ambako jukwaa huonekana nusu hupatikana kwa bei ndogo, mara nyingine chini ya euro 20, na ngazi zile za marumaru unazipanda sawa na aliyelipa mara kumi. Vaa nadhifu, suti si lazima. Katikati ya kiangazi jumba huwa halina maonyesho.

5. Kupanda Mnara wa Eiffel usiku

Siwezi kumkataza mtu aliyeota jambo hili tangu shule ya msingi. Nunua kwenye tovuti rasmi ya mnara pekee, ambako tiketi hutolewa siku 60 kabla. Wengine huuza ile ile kwa bei mara mbili kwa kuiita "ya kuruka foleni". Kileleni kwa lifti ni karibu euro 36, ghorofa ya pili karibu 23. Chukua ya pili. Iko mita 116 na usiku inatosha, kwa sababu kule juu mita 276 mji unageuka nukta tupu, na upepo hauvumiliki. Vijana wenye pumzi wapande ngazi 674 hadi ghorofa hiyo kwa karibu euro 15.

6. Boti ya chakula cha jioni

Bei huanzia euro 70 na kitu na kupita 200. Unalipia meza na mvinyo zaidi ya mto. Ukiitaka kwa ajili ya fungate au miaka ishirini ya ndoa, iandikie kampuni kwanza na upate majibu ya maandishi kuhusu meza ya dirishani, nyama (nguruwe na mvinyo huingia hata kwenye mchuzi), na kama kuna samaki au chakula cha mboga. Kati ya Mei na Agosti usichukue zamu ya kwanza kabisa.

Mimi ningekula kwanza nchi kavu. Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, una mgahawa na ua wa kunywea chai ya nanaa yenye sukari nyingi pamoja na vitamutamu vya Afrika Kaskazini, na uko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka Notre-Dame.

7. Moulin Rouge

Ukumbi huu wa maonyesho ya dansi uko tangu 1889. Onyesho peke yake huanzia karibu euro 100, na pamoja na chakula hupita 200. Wachezaji ni hodari kweli. Lakini jua kabla hujalipa: baadhi ya wanawake hucheza vifua wazi. Kama umefuatana na baba mkwe au mama yako, hilo litakuwa zito kwenu nyote. Kinu chekundu kinachozunguka nje, stesheni ya Blanche, unakipiga picha bila malipo.

Kurudi nyumbani

Metro za mwisho humaliza karibu saa 7:15 usiku, na Ijumaa na Jumamosi karibu saa 8:15. Baada ya hapo kuna mabasi ya usiku, Noctilien, mengi yakipita stesheni ya Châtelet. Kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur mtu akitaka kukufunga uzi mkononi, weka mikono mfukoni na uendelee kutembea. Atakudai fedha uzi ukishafungwa. Mchezo wa vikombe vitatu karibu na Eiffel ni wizi, na wale wanaoshinda mbele yako ni wenzao. Simu usiishike mlangoni mwa metro.

Ukiwa na usiku mmoja tu na euro thelathini, njoo Alhamisi mwezi Oktoba. Ingia Orsay saa 12 jioni kwa tiketi ya bei nafuu, toka saa 1:30, fuata ukingo wa mto kuelekea mashariki hadi Pont Neuf, kama dakika ishirini. Panda boti ya saa 2:30 usiku. Ukishuka, tembea haraka: Notre-Dame iko mwendo wa kama dakika kumi na Alhamisi huwa wazi hadi saa 4 usiku, bure. Ilifunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, na mawe yake ya ndani sasa ni meupe kama yamechongwa jana.