Thrilling Cities ya Ian Fleming: anza na Macau, New York iache mwisho

Nianze na ununuzi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Kitabu hiki cha safari cha Fleming, mtunzi wa riwaya za James Bond, kina sura 13 zenye miji 14, kwa kuwa Los Angeles na Las Vegas zimewekwa sura moja. Wachapishaji Jonathan Cape walikitoa Uingereza mwaka 1963, na toleo la Marekani likafuata 1964. Matoleo hayo mawili hayalingani: la Marekani lina hadithi fupi ya ziada mwishoni mwa sura ya New York, la Uingereza halina. Tena yapo matoleo ya zamani ya jalada laini yaliyogawanywa juzuu mbili, na muuzaji wa mtandaoni mara nyingi hasemi. Mwombe akupigie picha ukurasa wa yaliyomo kabla hujalipa. Orodha ikiishia New York, au ikianzia Hamburg, ujue unauziwa nusu.

Anayemjua Fleming kwa filamu za James Bond asitafute bastola humu. Ni makala za gazeti. Mwaka 1959 Sunday Times walimtuma kuizunguka dunia kwa wiki tano, gharama zote juu yao: Hong Kong, Macau, Tokyo, Honolulu, Los Angeles na Las Vegas, Chicago, New York. Mwaka 1960 akapewa safari ya pili, hii akiendesha gari lake aina ya Ford Thunderbird kupitia Hamburg, Berlin, Vienna, Geneva, Naples hadi Monte Carlo. Miji mingi aliipa siku mbili tatu, basi.

Siku tatu hazimtoshi mtu kuujua mji, ila zinamtosha kumfuata mwenyeji mmoja mjanja. Ukisoma kwa jicho hilo utaona mara moja kwa nini sura nyingine zina uhai na nyingine zimedorora. Huko Mashariki alikuwa mikononi mwa Richard Hughes, mwandishi wa habari wa Australia aliyeishi eneo hilo miaka mingi, na Tokyo akaongezewa Tiger Saito, mwandishi wa Kijapani. Wote wawili waliingia baadaye kwenye riwaya yake ya Japani ya 1964: Hughes akawa Dikko Henderson, Saito akawa Tiger Tanaka. New York hakuwa na mtu kama hao, wala hakuwa na subira, na inaonekana.

Sura ya Macau ndiyo ya kufungulia kitabu. Mambo mawili yameshikwa vizuri. La kwanza ni dhahabu. Wakati ule bei rasmi ya dhahabu duniani ilikuwa dola 35 kwa aunsi, kwa mpango wa fedha wa kimataifa wa Bretton Woods wa 1944. Ureno, iliyokuwa ikiitawala Macau, haikuwa ndani ya mpango huo, wala haikubanwa nao. Ilijiunga na Shirika la Fedha la Kimataifa, lililotokana na mpango huo, mwaka 1961. Kwa hiyo dhahabu iliingia Macau kihalali, halafu ikatoka kwa njia za panya kwenda kwa wanunuzi wa Asia waliokuwa tayari kulipa zaidi. Fleming anakwenda kumwona Dr. Lobo, mtu aliyetajwa sana katika biashara hiyo, na mazungumzo yao ya adabu nyingi na majibu machache yana thamani kuliko kurasa kumi za maelezo. Usipojua habari ya dola 35, sura itakupita kama porojo la wasafiri.

La pili ni Hoteli Central, ghorofa tisa za kamari na starehe. Kanuni ya jengo, anavyoieleza, ni kwamba kila unavyopanda ndivyo dau linavyokuwa kubwa, muziki unavyokuwa bora na wanawake wanavyokuwa warembo na ghali zaidi. Chini kabisa ni vibarua na sarafu zao. Hapo ndipo kipaji chake kilipo: anachukua jengo moja na kukupa mji mzima, tabaka kwa tabaka, bila kutaja neno tabaka.

Humo utakutana na mchezo wa fan-tan, na kwa asiyeujua ni vizuri aelewe kabla. Mchezeshaji anamwaga rundo la vifungo mezani na kufunika baadhi kwa kikombe. Watu wanaweka dau kwenye namba 1, 2, 3 au 4. Kikombe kinainuliwa, kisha anaviondoa vifungo vinne vinne kwa kijiti chembamba. Vinavyobaki mwishoni ndiyo jibu, na kikibaki kikundi kamili cha vinne, namba 4 imeshinda. Hakuna ujanja wowote wa mchezaji. Nyumba ya kamari inakula kwa kukata kamisheni kwenye ushindi. Wenye macho makali wanaanza kuhesabu rundo likiwa bado limesalia nusu, na minong'ono inaanza mezani kabla mchezeshaji hajamaliza.

Anayetaka kuifuata sura hii kwa miguu leo ajue safari yenyewe imebadilika. Fleming alikwenda kwa meli kutoka Hong Kong. Tangu Oktoba 2018 kuna daraja la kilomita 55 linaloiunganisha Hong Kong na Zhuhai na Macau, na unavuka kwa basi. Uwanja wa Kai Tak wa Hong Kong, ule wa ndege kupita juu ya mapaa ya nyumba, ulifungwa 1998. Kwa hiyo ukurasa wake wa kuwasili hautumiki kwa lolote ila kusoma.

Hilo linanifikisha kwenye sehemu dhaifu kuliko zote, vidokezo vya mwisho wa kila sura: hoteli, mikahawa, vilabu, bei. Usipange safari kwa kurasa hizo, zitakupoteza. Mimi nazisoma kama daftari la bei, na kwa hilo ni tamu sana, mradi uwe na viwango vya kubadilishia fedha vya enzi zile. Pauni 1 ilikuwa dola 2.80 za Marekani. Pauni 1 ilikuwa dola 16 za Hong Kong. Dola 1 ya Marekani ilikuwa yeni 360, hivyo pauni ilizidi kidogo yeni 1,000. Na kwa msomaji wa huku kwetu kuna njia ya mkato: shilingi ya Afrika Mashariki ilikwenda sawa na shilingi ya Uingereza, 20 kwa pauni. Ukiona chakula cha pauni moja na nusu, ni shilingi 30 zilezile ambazo karani wa Mombasa au Dar es Salaam angezitambua. Kosa la kawaida ni kuchukua bei za kitabu na kuzigeuza kwa viwango vya leo; unapata namba isiyo na maana yoyote.

Tokyo ni nzuri, ila isome ukijua masharti yake. Aliwaambia wenyeji wake mapema: hataki wanasiasa, makumbusho, mahekalu, majumba ya kifalme, tamthilia za No wala sherehe za chai. Kilichobaki ni judo, mtabiri, mabafu, chakula na pombe. Mwendo wake ni wa haraka na unachekesha, lakini sababu za mambo hazimo. Mfano, sheria iliyofunga madanguro ya Japani ilianza kutekelezwa kikamilifu mwaka 1958, mwaka mmoja tu kabla hajafika, na usipojua hivyo hutaelewa kwa nini biashara ya mabafu ilikuwa imechangamka vile. Kitabu hiki kinahitaji msomaji aje na historia yake kichwani.

Kuna lawama ambayo haifai kufunikwa. Namna anavyowazungumzia wanawake wa Asia, hasa kwa kuwalinganisha na wa Ulaya na Marekani kana kwamba yuko mnadani, inachosha, na palipo na ucheshi juu ya mataifa ya watu mara nyingi ni dharau iliyovaa suti. Msomaji wa Kiswahili ana kipimo cha karibu. Katika mkusanyo wa safari za Waswahili uliochapwa na Carl Velten mwaka 1901 yumo Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia akiwa mtumishi katika msafara wa Mjerumani. Yeye anaandikia watu wasiopajua, kwa hiyo analazimika kueleza. Fleming anaandikia wenzake wa klabu ya London, kwa hiyo majina ya vinywaji, nguo na mikahawa yanamwagwa bila ufafanuzi. Weka kamusi karibu.

Ulaya niipitie kwa haraka kama alivyoipita yeye. Hamburg inachangamka. Berlin inasomwa kwa tarehe: safari ni ya 1960, ukuta ulijengwa Agosti 1961, kitabu kikatoka 1963, kwa hiyo mji anaouonyesha ulikuwa umeshatoweka kilipofika dukani. Vienna nimeisoma mara moja ikatosha. Geneva ina uzito zaidi kwa sababu aliwahi kusoma huko ujanani, na habari za benki na usafi wa Waswisi anazichokonoa kwa raha. Naples usiiruke: anakunywa chai na Lucky Luciano, kiongozi wa genge aliyefukuzwa Marekani mwaka 1946, na hapo ubishi wake wa kawaida unapoa akamwacha mtu aseme. Luciano alifariki Januari 1962.

Monte Carlo ina mawaidha ya ruleti, kamari ya gurudumu lenye namba. Yachukue kama hadithi, hesabu ifanye mwenyewe. Gurudumu la Ulaya lina namba 37, pamoja na sifuri moja. Kasino inakulipa kana kwamba ziko 36, hivyo kwa muda mrefu inakula karibu asilimia 2.7 ya kila dau. Gurudumu la kawaida la Las Vegas lina sifuri mbili, namba 38, na fungu la kasino linapanda hadi asilimia 5.26. Hakuna mpangilio wa madau unaoondoa hiyo, hata uuvalishe tai nyeusi.

Kwa jumla nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na ile nusu ni ya mayai.

Mayai yako kwenye hadithi ya ziada. Wachapishaji wa Marekani walipoona alivyoiponda New York walimwomba alegeze. Alikataa, badala yake akawapa "007 in New York" ili kupoza. (Usiyependa kuharibiwa hadithi, ruka hadi aya inayofuata.) Ni kurasa chache: Bond anakwenda kumwonya mwanamke kuhusu mpenzi wake, wakapanga kukutana kwenye banda la nyoka la bustani ya wanyama ya Central Park. Banda hilo halipo. Mwandishi aliyeusema mji vibaya sura nzima anamaliza kwa kumwaibisha shujaa wake kwa kutoujua mji huohuo, na huo ndio mzaha bora wa kitabu.

Ndani yake kuna mapishi ya mayai ya kuvuruga, na yanafanya kazi. Kwa watu wanne: mayai 12, chumvi na pilipili manga, siagi aunsi 5 hadi 6, yaani gramu 140 hadi 170. Piga mayai kwa uma, tia viungo. Yeyusha aunsi 4 za siagi, kama gramu 113, kwenye sufuria ndogo yenye kitako kizito, mimina mayai, pika kwa moto mdogo kabisa ukikoroga bila kuacha kwa mchapo mdogo wa kupigia mayai. Yakiwa bado na unyevu kidogo kuliko unavyopenda kula, ondoa motoni, tia siagi iliyobaki na majani laini ya vitunguu yaliyokatwa, endelea kukoroga nusu dakika.

Yanaharibika kwa sababu mbili. Moto ukizidi yanafanya mabonge na kutoa maji, na sufuria nyembamba ya alumini juu ya jiko la mkaa itakufanyia hivyo ndani ya dakika moja. Weka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji ya moto. Na ukingoja yakauke jikoni umechelewa, maana joto la sufuria linaendelea kupika baada ya kuiepua. Ile siagi ya mwisho haiongezwi kwa ulafi tu: ni baridi, na ndiyo inayosimamisha mapishi.