Talaka ya Paris na talaka ya Nairobi mbele ya ofisi ya ndoa Ujerumani

Talaka iliyotolewa na mahakama ya Paris haihitaji kutambuliwa upya Ujerumani. Kwa shauri lililofunguliwa tangu 1 Agosti 2022, omba mahakama iliyoitoa cheti cha Ibara ya 36 ya Kanuni 2019/1111 ya Umoja wa Ulaya, ukiwasilishe pamoja na nakala ya hukumu.

Ya Nairobi ina kazi zaidi. Kifungu cha 107 cha FamFG, sheria ya Ujerumani ya mashauri ya familia, kinataka maombi kwa mamlaka ya sheria ya jimbo. Kabla ya uamuzi wake, Ujerumani inakuhesabu bado una ndoa. Peleka amri ya mwisho ya talaka, si ile ya awali. Kinachoangusha maombi hasa ni samansi: mwenza asiyeshiriki kesi wala kufikishiwa hati kwa wakati anaweza kupinga, basi tafuta mapema kiapo cha aliyeipeleka. Ila wote wawili mkiwa raia wa Kenya pekee siku ya hukumu, maombi hayo si lazima.