London na watoto wadogo: Natural History Museum au Tower of London?

Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 6, anza na Natural History Museum, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili. Kuingia ni bure, hivyo akianza kulia baada ya nusu saa unaondoka bila roho kukuuma. Katika ukumbi mkubwa, tangu 2017, mifupa ya nyangumi wa buluu yenye urefu wa mita 25 imening'inizwa juu kama vile anapiga mbizi. Mtoto aliyelala chali kwenye kigari ndiye anayemwona vizuri kuliko nyote. Upande wa dinosaria kuna T. rex wa mashine anayejitikisa na kunguruma. Wapo watakaocheka, wapo watakaopiga mayowe. Wikendi na likizo za shule foleni ni balaa, wahi asubuhi.

Tower of London, ngome ya kale ya wafalme, ni ya kulipia, ingawa walio chini ya miaka 5 huingia bure. Njia za mawe zinatikisa kigari, na White Tower, mnara mkuu wa ngome hiyo, ina ngazi za kuzunguka: heri umbebe mgongoni. Penye mataji ya kifalme kuna mkanda unaokusogeza wenyewe, na usishangae mwanao akiupenda huo kuliko almasi. Ila mtoto wa miaka 8 hivi, anayeuliza habari za wafalme na kukatwa vichwa, mpeleke Tower moja kwa moja.