Shokapu za KYB Excel-G kwenye Subaru Forester SG5: miezi kumi na moja ya Bunju hadi Posta, Dar es Salaam

Forester yangu ni ya 2004, ile isiyo na turbo. Nilipoinunua ilikuwa imekaa chini nyuma kama kuku anayetaga. Buti tupu, lakini kila aliyeiona aliuliza nimebeba saruji ya nani.

Rafiki yangu mwenye Impreza alinishawishi nifunge koilova, yaani seti ya shokapu na springi inayolishusha gari na kulikaza. Nikapanda gari lake kutoka Mwenge hadi Tegeta. Kwenye lami safi ni tamu, kona halilali hata kidogo. Tulipofika kwenye rasta, vile vituta vidogo vilivyopangana, niliuma ulimi. Na mimi kilomita mbili za mwisho kufika kwangu ni vumbi na makorongo. Masika yakishapita pale, gari lililoshushwa linahitaji watu wa kulibeba. Hamu ya koilova iliniishia palepale Tegeta.

Spea za mtumba za Ilala nazo nilizikataa. Shokapu iliyokwisha kutembea miaka Japani haigeuki mpya kwa kupanda meli.

Nikaenda Gerezani, nikachukua KYB Excel-G nne. Hizi ni nyeusi, za gesi, zimetengenezwa kurudisha gari lilivyokuwa likitoka kiwandani. KYB hao hao wana New SR Special, za bluu, ambazo ni kavu zaidi, yaani ngumu. Kwa barabara yangu sikuzitaka.

Sasa sikilizeni wenye SG5, hapa ndipo hela yangu ilipopotea. Forester nyingi za aina hii zilikuja na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe: ukiendesha, mtikisiko wa barabara unasukuma oili ndani yake mpaka nyuma inapanda kufikia kimo chake. Kwa kuwa shokapu inasaidia kubeba, springi yake imefanywa laini. Shokapu ya kawaida haibebi uzito namna hiyo. Kazi yake ni kutuliza springi. Kwa hiyo ukifunga ya kawaida, lazima ubadilishe na springi. Fundi aliziangalia springi za zamani akasema, "Dada, hizi bado nzima kabisa." Kweli hazikuwa zimevunjika. Akafunga, nikalipa, nikatoka gereji na shokapu mpya nne na kuku wangu bado anataga.

Wiki mbili baadaye nilinunua springi za nyuma za Forester isiyo na mfumo ule, nikahamia kwa fundi mwingine, nikalipa ufundi mara ya pili. Nyuma ilipanda sentimita tatu na nusu, nilipima mwenyewe kwa futi ya cherehani. Huyu wa pili alinifurahisha kwa jambo moja: bushi za mikono ya chini hakuzikaza gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Alilishusha kwanza, likakaa kwa uzito wake, ndipo akakaza, ili raba isibaki imejinyonga. Kisha alaimenti siku hiyohiyo, maana kwenye Subaru kati ya boliti mbili zinazoshika shokapu ya mbele upande wa tairi, ile ya juu ndiyo inayorekebisha mlalo wa tairi. Ukishaigusa, vipimo vimehama.

Linavyotembea? Tuta linapita mara moja, halinesinesi tena mara tatu. Nikishika breki pua haizami kama zamani. Tumerudi Morogoro watu wanne na magunia mawili ya mchele, nyuma haikugusa popote. Kwenye kona za kasi bado linalala, ni gari refu, na Excel-G hazikuja kulifanya gari la mashindano. Anayetaka hilo atanung'unika.

Kasoro iliyobaki ni ya ubahili wangu. Maunti za juu za mbele, yale makalio ya raba yanayoshika shokapu kwenye bodi, nilirudishia za zamani, na asubuhi nikikata usukani kutoka getini ya kushoto inagonga, tok. Mwisho wa mwezi nabadilisha zote mbili.